Kutafuta Ubovu Katika Kikuza Sauti cha Vali

1. Vali ni kitu gani

Vali ni chombo kidogo cha kioo kinachofanana na taa ya umeme, lakini kazi yake si kutoa mwanga. Hewa imeondolewa ndani yake, na katika utupu huo vimewekwa vipande vya madini, kila kimoja na kazi yake. Mwaka wa 1904 mtaalamu wa Uingereza, John Ambrose Fleming, alitengeneza vali yenye sehemu mbili huko London. Mwaka wa 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza sehemu ya tatu, yaani wavu mwembamba wa waya uliowekwa katikati ya zile mbili. Kwa wavu huo vali ikapata uwezo wa kuikuza nguvu ndogo ya umeme hata iwe kubwa.

Kwa muda wa miaka mingi redio nyingi zilitegemea vali. Hata mwezi wa Desemba 1947 John Bardeen na Walter Brattain wakaunda transista katika maabara ya Bell huko Marekani. Transista ni ndogo, haihitaji kupashwa moto, wala haivunjiki kama kioo. Kwa hiyo ilitwaa mahali pa vali katika vyombo vingi. Walakini vali hazikwisha. Hutengenezwa hata leo katika nchi za Urusi, Uchina na Slovakia, na wapenzi wa muziki huzitumia katika vikuza sauti, vikiwamo vile vidogo vya kusikilizia kwa visikizio vya masikioni.

Sauti ya chombo cha namna hii ikiharibika, wenye chombo wengi hukimbilia dukani kununua vali mpya. Pengine hufanikiwa, pengine fedha hupotea na ubovu hubaki palepale. Tena yupo atiaye vali asiyoijua sawasawa, akaharibu na kile kilichokuwa kizima. Afadhali kwanza ubovu utafutwe ulipo.

2. Jinsi vali ifanyavyo kazi

Katikati ya vali mna kathodi, nayo hupashwa moto na uzi mwembamba ulio ndani yake. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, ambazo ni chembe ndogo mno za umeme. Kuizunguka kathodi kuna wavu, na nje ya wavu kuna anodi, ambayo ni bamba lililotiwa umeme wa volti nyingi. Elektroni huvutwa na anodi, lakini hapana budi zipite katika wavu.

Mkulima mwenye mfereji wa kunyweshea shamba aijua kazi ya wavu huu. Maji ya mfereji ni mengi na yana nguvu, lakini mtoto akiinua kibao kidogo mlangoni, maji huongezeka, akikishusha, hupungua. Nguvu ya mtoto ni haba, nayo yatawala nguvu nyingi. Vivyo hivyo sauti ndogo itokayo katika redio au sahani ya santuri huingia katika wavu kama umeme hafifu, na mkondo mkubwa wa elektroni hufuata kila mwendo wake.

Sauti ni mawimbi. Kikuza sauti kizuri huyafanya mawimbi kuwa makubwa bila kuyabadilisha umbo. Lakini ikiwa vali haiwezi kulipitisha wimbi zima, kilele chake hukatwa, kama mtu mrefu apitaye katika mlango mfupi ambaye hana budi kuinama. Hapo msikilizaji husikia sauti inakwaruza na maneno ya mwimbaji hayatambulikani. Huko ndiko kuharibika kwa sauti.

3. Vali zinazofanana si sawa

Vali tatu hutumika mara nyingi katika vikuza sauti vidogo: ECC82, ECC83 na ECC88. Zote zina miguu tisa iliyopangwa namna moja, na zote huingia katika soketi moja. Asiyejua huziona kuwa ni ndugu, akazibadilisha apendavyo.

Jina la vali lina maana. Katika majina ya Ulaya, herufi E mwanzoni huonyesha kwamba uzi wa moto wahitaji volti 6.3. Herufi C ni alama ya vali ndogo ya sehemu tatu. Ikiandikwa mara mbili, maana yake ni vali mbili ndani ya kioo kimoja. Marekani hutumia majina mengine: huko ECC82 huitwa 12AU7, ECC83 huitwa 12AX7, na ECC88 huitwa 6DJ8. Majina ya namna hiyo ni mawili kwa vali moja.

Sasa zitazamwe tofauti zake. ECC83 ina uwezo wa kukuza mara 100, na ECC82 mara 17 tu au kupita kidogo. Lakini katika umeme wa volti 250, ECC82 hupitisha kwa kawaida miliampea 10.5, na ECC83 hupitisha miliampea 1.2 tu. Basi ECC83 ikitiwa mahali pa ECC82 itawaka vizuri, kwa kuwa nyuzi zake za moto zimefungwa namna moja. Ila haitakuwa na mkondo wa kutosha, na sauti itaharibika ingawa vali ni mpya kabisa.

ECC88 ni hatari zaidi. Uzi wake wa moto umefungwa katika mguu wa nne na wa tano, hali zile mbili nyingine hutumia pia mguu wa tisa. Ikitiwa katika soketi isiyokuwa yake, ama haitapata moto kabisa, ama uzi wake utapata volti mara mbili ya kadiri yake na kuharibika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: vali ibadilishwe kwa vali yenye jina lile lile, au lile ambalo mtengenezaji wa chombo ameandika kwamba lafaa.

4. Hadhari

Ndani ya kikuza sauti cha vali mara nyingi mna umeme wa volti 200 au 300, nao waweza kumwua mtu. Tena mna kapasita kubwa zinazoweka akiba ya umeme huo. Chombo kikiisha kuzimwa na waya wake kuchomolewa ukutani, akiba hiyo yaweza kubaki. Kwa sababu hii asiyefundishwa kazi hii asifungue sanduku la chombo hata kidogo. Kubadili vali zilizo juu ya sanduku si kazi ya kulifungua, lakini nayo ina taratibu zake.

Kwanza visikizio hutolewa masikioni. Kisha chombo huzimwa na waya wake huchomolewa ukutani. Baada ya hayo mtu hungoja vali zipoe, maana kioo chake chaweza kuchoma vidole. Vali hushikwa karibu na mizizi yake, ikavutwa juu taratibu, ikitikiswa kidogo tu, wala haisokotwi, kwa kuwa miguu yake hupindika upesi. Wakati wa kuirudisha, miguu hulinganishwa na matundu ya soketi kabla ya kusukumwa.

Vali ikiwa mkononi na itazamwe. Aghalabu juu yake, ndani ya kioo, pana doa linalong'aa kama fedha. Madini hayo yaliwekwa ili yanywe hewa yoyote iliyosalia. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, kioo kimepasuka na hewa imeingia. Vali hiyo imekufa.

5. Jaribio la kubadilishana

Huu ni mfano. Mtu ana kikuza sauti chenye vali nne. Kila upande, wa kushoto na wa kulia, una ECC83 ya kuikuza sauti na ECC82 ya kuisukuma hata visikizioni. Sikio la kulia husikia muziki safi. La kushoto husikia mikwaruzo. Fundi ataanzia wapi?

Hataanza na vali. Kwanza huvijaribu visikizio katika chombo kingine. Vikilia vizuri huko, si vibovu. Pili huzibadilisha nyaya mbili ziletazo sauti, ya kushoto akaitia kulia na ya kulia akaitia kushoto. Mikwaruzo ikihamia kulia, ubovu umeletwa na waya au na redio yenyewe, na kikuza sauti hakina kosa. Ikibaki kushoto, ubovu umo ndani ya kikuza sauti. Majaribio haya mawili hayagharimu hata senti.

Sasa zamu ya vali. Fundi huzima chombo, akangoja, kisha akazibadilisha zile ECC82 mbili tu. Hazigusi ECC83. Akiwasha tena, atapata jibu moja kati ya mawili. Ubovu ukihamia kulia, umeifuata vali. Basi vali ndiyo mbovu, na ni haki kununua nyingine. Ubovu ukibaki kushoto, vali hizo hazina hatia. Hapo huzirudisha mahali pake, akazijaribu ECC83 kwa njia iyo hiyo.

Kwa nini asizibadilishe zote mara moja ili amalize upesi? Kwa sababu ubovu ukihama hatajua ni vali ipi iliyouhamisha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Badiliko moja huleta jibu moja. Mabadiliko mengi kwa pamoja huleta fumbo.

Vipo vyombo vyenye vali moja tu inayohudumia pande zote mbili. Katika hivyo hakuna ya kubadilishana nayo. Fundi hutia vali nyingine yenye jina lile lile, anayoijua kuwa ni nzima.

6. Ubovu usiokuwa wa vali

Katika mfano huu, mikwaruzo ilibaki kushoto baada ya majaribio yote. Vali zote nne ni nzima. Kama mwenye chombo angalizinunua nyingine nne, angalipata mikwaruzo ile ile. Fundi sasa hutafuta penginepo.

Huanza na miguu ya vali na soketi. Uchafu na kutu hafifu huzuia umeme usipite sawasawa, na sauti huchakacha vali ikiguswa. Baada ya kuchomoa waya, miguu husafishwa. Kirungu cha kuongezea sauti nacho hupata vumbi ndani yake. Kikichakacha kila kinapozungushwa, ubovu ni wake.

Kama si hayo, fundi aliyefundishwa hufungua sanduku. Huenda akakuta lehemu iliyoachia, au kapasita mbovu kati ya vali ya kwanza na ya pili. Kazi ya kapasita hiyo ni kuipitisha sauti na kuzizuia volti nyingi za anodi ya kwanza zisifike kwenye wavu wa vali ifuatayo. Ikivuja, wavu hupata volti usizozihitaji, mlango wa elektroni hubaki wazi kupita kiasi, na sauti huharibika. Anodi yenyewe yaweza kupata moto mpaka iwe nyekundu. Mtu akiona hivyo, na azime chombo mara moja. Vali mpya ikitiwa hapo nayo itateswa vivyo hivyo, na kufa kabla ya siku zake, kumbe kosa ni la kapasita ndogo iliyofichika chini yake.

Mara nyingine hakuna kilichoharibika. Vikuza sauti vingine vya vali hupatana na visikizio vya omu 300, wala haviwezi kutoa mkondo unaotakiwa na vile vya omu 32. Mtu akivitia hivyo akaongeza sauti, mawimbi hukatwa vilele katika masikio yote mawili. Dawa yake ni kuleta visikizio vinavyopatana na chombo, wala si vali.

Alama nyingine nazo zina maana. Vali ikigongwa polepole kwa kijiti na mlio kama wa kengele ukasikika, sehemu zake za ndani zimelegea. Mvumo usiokoma waweza kutoka katika kapasita za akiba zilizozeeka, au katika vali ambayo umeme wa uzi wake wa moto wavuja kuingia katika kathodi. Jaribio la kubadilishana litaonyesha ni ipi kati ya hizo mbili, kwa maana vali huhama na kapasita haihami.

Fundi hodari huandika katika daftari kila alichokibadili na kila alichokisikia. Daftari hilo humzuia asirudie kazi aliyokwisha kuifanya, na akiitwa kukitengeneza chombo kile tena, humwonyesha mahali pa kuanzia.

Maswali

1. Lee de Forest aliongeza nini katika vali, na kwa nini kitu hicho kilikuwa na manufaa?
2. Kwa nini ECC83 iliyo mpya yaweza kuharibu sauti ikitiwa mahali pa ECC82?
3. Taja mambo manne yapasayo kufanywa kabla ya kuing'oa vali.
4. Nyaya za sauti zimebadilishwa, na mikwaruzo imehama kutoka kushoto kwenda kulia. Ubovu uko wapi?
5. Vali za ECC82 zimebadilishwa, na mikwaruzo imebaki kushoto. Fundi afanye nini sasa?
6. Mwenye chombo ametia vali mpya upande mmoja mara tatu, na kila mara imekufa upesi. Eleza ni nini kinachoweza kuwa sababu.