Royal Albert Hall, London: Tiketi ya Kusimama Ndiyo Bora

Mgeni anayefika London akiwa na jioni moja tu ya kusikiliza muziki, ningemwelekeza Kensington, kwenye ukumbi wa mviringo wa matofali mekundu, wenye kuba kubwa, unaotazamana na bustani. Ningemsihi pia asiridhike na ziara ya mchana. Ziara ni nzuri, lakini Royal Albert Hall ulijengwa ujae watu zaidi ya 5,000, na anayeuona ukiwa mtupu amekwenda na nusu tu.

Kufika si kazi. Teremka kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya South Kensington, kisha fuata barabara ya Exhibition Road kuelekea kaskazini. Kwa miguu ni kama robo saa. Mabasi namba 9 na 52 hupita mbele ya ukumbi wenyewe. Gari liache. Njiani utayapita makumbusho ya sayansi, ya viumbe asilia na ya Victoria and Albert. Yote matatu hayatozi kiingilio, kwa hiyo mwenye siku nzima aanzie huko.

Kabla ya kuingia, lizunguke jengo lote. Juu kabisa, chini ya kuba, kuna ukanda wa picha za vigae unaolizingira, wenye watu wa mataifa mbalimbali na sanaa na sayansi zao. Ng'ambo ya barabara ameketi Prince Albert wa dhahabu, akiutazama ukumbi ambao hakuuona: alifariki mwaka 1861, na mkewe, Malkia Victoria, akaupa jina lake. Ulifunguliwa tarehe 29 Machi 1871. Sehemu ya fedha za ujenzi ilipatikana kwa kuuza viti. Mtu alilipa pauni 100, akamilikishwa kiti kwa miaka 999, na mpaka leo viti zaidi ya 1,200 vina wenyewe. Si kila kiti utakachokiona humo, basi, kinauzwa dirishani.

Umbo hilo la mviringo ndilo linalowapoteza wageni. Milango ina namba, 1 hadi 12, na tiketi yako inataja mlango wako. Ufuate huo huo, maana ukiingia kwingine utazunguka kwenye korido zinazofanana mpaka onyesho lianze. Dirisha la tiketi liko mlango namba 12, upande wa kusini. Fika mapema, kwa kuwa mikoba hukaguliwa na mizigo mikubwa haipokewi.

Ziara ya kuongozwa huchukua kama saa moja. Nunua tiketi yake mapema kupitia tovuti ya ukumbi, ukijua kwamba mazoezi ya wasanii yanaweza kupunguza mtakachoonyeshwa. Ukiwa ndani inua macho darini. Zile sahani kubwa zinazoning'inia, ambazo wenyeji huziita uyoga, zilitundikwa mwaka 1969 kutibu maradhi ya tangu siku ya ufunguzi: mwangwi. Sauti ilipanda kwenye kuba na kurudi imechelewa, hata ikawa kama kila wimbo unapigwa mara mbili. Takriban miaka 100 wasikilizaji walivumilia. Nyuma ya jukwaa kuna kinanda cha mabomba 9,999, na kinapopigwa kwa nguvu zote unakihisi kifuani kabla ya masikio kukipata.

Humo Muhammad Ali alipanda ulingoni mwaka 1971 kwa pambano la maonyesho, na mwaka 1996 Nelson Mandela, akiwa mgeni wa Malkia Elizabeth, aliinuka na kucheza muziki.

Sasa tiketi. Kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba ukumbi huwa mwenyeji wa Proms, tamasha lililoanzishwa mwaka 1895 katika ukumbi mwingine, Queen's Hall, na kuhamia hapa baada ya ukumbi huo kuteketezwa na mabomu mwaka 1941. Katika msimu huo viti vya sakafu ya kati huondolewa, na mamia ya watu husimama pale pale mbele ya okestra kwa bei ambayo miaka ya karibuni imekuwa chini ya pauni 10. Aliyelipa mara kumi zaidi ameketi nyuma yako. Tiketi hizi huuzwa siku yenyewe, na anayewahi foleni ndiye anayesimama mbele. Miguu ikikataa, chagua ghorofa ya juu kabisa, ambako wengine hukaa au kulala sakafuni wakisikiliza. Huko sauti ni nzuri, ila jioni za Julai kuna joto.

Mavazi hayana sharti. Makofi ndiyo yana adabu yake: kazi moja huwa na sehemu kadhaa, na muziki ukinyamaza katikati usipige makofi mpaka mwongozaji wa okestra ashushe mikono na kugeuka. Aliyezoea taarabu, ambako msikilizaji huinuka kumtuza mwimbaji wimbo ukiendelea, itambidi ajizuie. Simu uizime kabisa.

Maonyesho mengi ya jioni huanza saa moja na nusu. Kula kabla, na uvae viatu visivyobana: utasimama saa mbili.