Kabla ya kukuzia, litazameni shamba kwa pamoja

Mahindi ya masika yaliyowahi kupandwa yanafika magotini sasa, na kwenye maduka ya pembejeo watu wameanza kuulizia yurea. Kabla hujafungua mfuko, kama jirani kuna kijana mwenye droni na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mkodi kwa betri moja tu, dakika 20 hivi. Ila asitazame peke yake. Kioo cha simu juani hakionyeshi kitu, na kijana mwenyewe halijui shamba lako. Picha iende moja kwa moja kwenye kompyuta iliyo kivulini, na mwenye shamba akae mbele yake.

Wiki iliyopita tulikaa hivyo chini ya mwembe. Likapita doa la njano, pana kama ukumbi, kisha duara la kijani kilichokoza. Rubani aliona rangi tu. Mama mwenye shamba akasema, "Hapo palikuwa na zizi la marehemu mume wangu." Kumbe samadi ya miaka ile bado inalisha mahindi, yurea ya hapo ataipunguza. Doa la njano tulilifuata kwa miguu tukakuta maji yametuama na mizizi inakosa hewa. Ukimwaga mbolea humo umetupa hela. Chimba mfereji kwanza.

Mitambo haisumbui sana, wala video yenyewe haili bando. Washa hotspoti kwenye simu nyingine, kisha kompyuta na simu iliyofungwa kwenye rimoti zote zishike hapo. Kwenye kompyuta iwepo programu ya kupokea video inayorushwa mubashara kwa mfumo wa RTMP. Namba ya anwani ya kompyuta ndiyo inayoandikwa kwenye programu ya droni, sehemu ya kurusha mubashara. Picha isipofika, mara nyingi ni ulinzi wa kompyuta umefunga mlango namba 1935. Droni za bei ndogo, zile ambazo simu hushika Wi-Fi ya droni yenyewe, hapa zitawashinda. Rimoti yenye tundu la HDMI ni raha zaidi: waya mmoja hadi kwenye televisheni, basi.

Rubani asiongoze kwa kutazama kompyuta. Picha ile huchelewa sekunde kadhaa. Wetu aligeuza shingo mara moja tu, droni ikaparamia matawi ya mwembe uleule tuliokaa chini yake, na mabawa mawili yakavunjika. Tulicheka, yeye hakucheka.

Viwavijeshi vamizi msiwatafute angani. Wanajificha ndani ya moyo wa mmea, na droni inapita juu yao bila habari. Ingia shambani asubuhi, tembea kwa kupindapinda, funua majani machanga ya katikati. Ukikuta kinyesi kama unga wa mbao mbichi, kiwavi yumo.