Mgeni katika Bahia: Mwongozo kwa Aendaye Brazili

Mtu aendaye Brazili kwa mara ya kwanza huambiwa na kila amwagaye kwamba anakwenda katika nchi ya watu wepesi: wepesi wa kucheka, wepesi wa kukumbatia, wepesi wa kumwita mgeni rafiki hata kabla hajamaliza kutaja jina lake. Maneno hayo ni ya kweli, wala sina nia ya kuyakanusha. Ila ni vema msafiri ajue, kabla hajapanda ndege, ya kuwa wepesi huo una kanuni zake, na kwamba kanuni hizo, ijapokuwa hazikuandikwa popote, hushikwa kwa uthabiti usiopungua ule tunaoutumia sisi wa pwani katika kubisha hodi na kuamkia wakubwa. Nitazieleza baadhi yake kwa kufuata maisha ya mji wa Salvador, makao makuu ya jimbo la Bahia, ambao kwa maoni yangu ndio unaofaa kutangulizwa na mtu wa Afrika ya Mashariki, hata kama ndege yake, mathalani ile itokayo Addis Ababa, itamshusha kwanza São Paulo.

Habari za viza na aziulize mapema katika ubalozi wa Brazili ulioko Dar es Salaam au Nairobi, maana masharti ya serikali hubadilika. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano asikiache nyumbani, kwa kuwa hata kama hataulizwa kule aendako, yamkini ataulizwa atakaporudi kwao. Ama kuhusu saa, hapa Mswahili ana bahati ambayo wageni wengine hawana. Saa za Salvador ziko nyuma ya zile za Nairobi na Dar es Salaam kwa muda wa saa 6 kamili, na tangu 2019 nchi hiyo imeacha desturi ya kusogeza saa wakati wa kiangazi. Basi yule asiyeigeuza saa yake ya mkononi, akaisoma kwa Kiswahili kama alivyozoea, atakuta hesabu yake yalingana na ya wenyeji: akrabu fupi ikisimama kwenye 1, yeye atasema ni saa saba, na Mbrazili aketiye kando yake naye atasema ni saa 7, ila ni 7 ya asubuhi. Umeme hauna ulinganifu huo, kwa maana miji mingine ina volti 127 na mingine 220, na plagi zao zina vijiti vya mviringo. Mwenye vyombo vya umeme na asome kwanza maandishi yaliyo juu yake.

Fedha ya nchi ni real, iliyoanza kutumika 1994. Tangu Novemba 2020 Benki Kuu imeweka njia ya kulipana kwa simu iitwayo Pix, nayo imeenea hata kwa wauza madafu wa ufukweni, kiasi kwamba mtu aliyezoea kutuma pesa kwa simu huku kwetu angetaraji kujiona yuko nyumbani. Lakini neema hiyo imefungamana na akaunti ya benki ya nchini na nambari ya mlipa kodi, CPF, ambayo kila mwenye duka humwuliza mteja kana kwamba anamjulia hali. Asiye nayo na achukue kadi, pamoja na noti ndogondogo za kumtosha siku ile.

Sasa nije kwenye maamkizi. Wanaume hupeana mikono na kupigana mgongoni. Mwanamke na mwanamume, au wanawake wawili, hugusanisha mashavu, mara moja katika São Paulo, mara mbili katika Rio de Janeiro na kwingineko. Ambaye dini au malezi yake hayamruhusu kugusana hivyo na aweke mkono kifuani, atabasamu, na awahi kutaja jina lake. Hakuna atakayemchukia, ila atakayesimama mbali kimya na uso mkavu atahesabiwa mwenye kiburi. Majina ya ukoo hayana kazi kubwa katika mazungumzo: rais wa nchi huitwa Lula na kila mtu, daktari huitwa kwa jina lake la kwanza, na wachezaji wa mpira hujulikana kwa majina ya utani. Hata hivyo heshima haikuachwa, kwani mtu mzima hutanguliziwa Dona akiwa mwanamke na Seu akiwa mwanamume, na kijana amwitaye mama wa makamo kwa jina tupu hutazamwa vile vile ambavyo angetazamwa Lamu au Tanga.

Kanuni inayowakosesha wageni wengi kuliko zote ni ile ya mwaliko. Mbrazili mliyeonana naye leo atakuambia, mnapoagana, upite kwake siku moja, naye atayasema hayo kwa moyo mweupe. Lakini maadamu hakutaja siku wala hakukupa anwani, hajakualika, amekuaga tu kwa uungwana. Mwaliko wa kweli una siku, una saa, na aghalabu hufuatwa na ukumbusho wa simu. Ukishaupata, usifike kwa saa iliyotajwa, maana utamkuta mwenyeji bafuni. Kawia nusu saa au zaidi kidogo, ukiwa na kinywaji au kitu kitamu mkononi. Ila kawaida hiyo ni ya karamu peke yake, wala haihusu benki, hospitali au basi la kwenda mikoani. Kadhalika Mbrazili hapendi kukukatalia waziwazi: akisema kwamba mtazungumza baadaye, au kwamba ataona, mtu wa pwani hahitaji mkalimani.

Bafu nimelitaja makusudi, kwa kuwa usafi wa mwili ni jambo wanaloliheshimu sana. Watu huoga mara mbili au tatu kwa siku, na mgeni atokaye safarini hukaribishwa maji kabla ya chakula. Maji hayo mara nyingi hupashwa moto na kichwa cha bomba chenye nyaya za umeme, nacho usikiguse kamwe mkono ukiwa umelowa. Na karatasi za chooni hutupwa katika kikapu kilicho kando, si ndani ya choo.

Chakula kikuu ni cha mchana, nacho ni wali na maharage pamoja na farofa, ambayo ni unga wa muhogo uliokaangwa kwa mafuta, na kipande cha nyama. Mikahawa mingi huuza kwa uzani: unajipakulia mwenyewe, unaiweka sahani kwenye mizani, unalipa kadiri ya ulichochukua, na mchoyo hana wa kumlaumu. Mwislamu na atahadhari na maharage, hata yale yanayoonekana matupu, kwa kuwa mara nyingi hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe kidogo ili yanukie. Na feijoada, chakula mashuhuri cha Jumatano na Jumamosi, kiko wazi kabisa katika jambo hilo. Lakini katika Bahia hatalala na njaa. Kuna moqueca, samaki aliyepikwa katika chungu kwa tui la nazi, nyanya, pilipili hoho na mafuta ya mawese, ambayo sioni mpishi wa Zanzibar angeionea ugeni isipokuwa kwa hayo mawese. Na kuna acarajé.

Acarajé ni kunde zilizomenywa ganda, zikasagwa pamoja na kitunguu, zikakaangwa katika mafuta mengi ya mawese mpaka zikawa nyekundu. Yaani ni ndugu wa bajia zetu za kunde, ila ni kubwa kama ngumi, na hupasuliwa katikati ikajazwa rojo la uduvi na nazi liitwalo vatapá, mchuzi wa bamia, kamba wakavu na pilipili. Huuzwa pembeni mwa njia na wanawake waliovaa sketi pana nyeupe za lesi, kilemba kichwani na shanga shingoni, nao huitwa baianas. Mtu asidhani kwamba mavazi hayo ni ya kuwapendeza wapiga picha. Kazi yao ilitokana na wanawake wa Kiafrika waliouza vyakula njiani zama za utumwa, wengine wakijikusanyia thamani ya kujinunua, tena ina uhusiano na ibada zao. Na mwaka 2005 idara ya taifa ya urithi iliiandika kuwa urithi wa nchi nzima. Nunua kwanza, kula, sifu, ndipo uombe ruhusa ya kupiga picha.

Ibada nilizozitaja ni za candomblé, dini iliyoletwa na mababu waliotolewa Afrika ya Magharibi na Afrika ya Kati, na ambayo imekaa bega kwa bega na Ukatoliki kwa muda mrefu hata watu wengi wa Salvador hushika zote mbili bila kuona tatizo. Siku ya Ijumaa utaona halaiki ya watu wamevaa nyeupe, wenye imani hiyo na wasio nayo. Mwezi wa Januari wanawake wa Bahia huosha ngazi za kanisa la Bonfim kwa maji ya manukato, na tarehe 2 Februari wavuvi wa Rio Vermelho hupeleka maua na manukato baharini kwa ajili ya Iemanjá, mtukufu wa maji. Baadhi ya nyumba za ibada hupokea wageni, na aendaye, awe wa dini gani, na avae nguo za rangi nyepesi zenye sitara, aketi alipoelekezwa, kwa kuwa mara nyingi wanaume na wanawake hutengwa, na asitoe simu yake mfukoni. Ukali huo una sababu: hadi 1976 nyumba hizo katika Bahia zililazimika kupata kibali cha polisi ili zifanye ibada. Hali kadhalika capoeira, ambayo leo yasifiwa duniani na mwaka 2014 iliingizwa katika orodha ya UNESCO, ilikuwa jinai katika sheria ya 1890. Ukiikuta duara ya wachezaji, simama, piga makofi, wala usikatize katikati.

Salvador ilijengwa 1549, ikawa makao makuu ya koloni la Wareno hadi 1763. Mtaa wake wa kale, Pelourinho, uliohifadhiwa na UNESCO tangu 1985, ni wa nyumba za rangi na makanisa yaliyopambwa kwa dhahabu, na wageni hupita humo wakisikiliza ngoma za kikundi cha Olodum pasipo kufikiri kwamba mtaa huo umeitwa kwa nguzo walipofungwa watumwa kuchapwa. Waafrika wapatao milioni 5 walifikishwa Brazili, wengi kuliko katika nchi nyingine yoyote ya Amerika, na utumwa haukufutwa mpaka tarehe 13 Mei 1888. Humu mitaani, usiku wa kuamkia 25 Januari 1835, mwishoni mwa Ramadhani, watumwa na mahuru wa Kiislamu, wengi wao Wayoruba na Wahausa, takriban watu 600, waliinuka kwa silaha kutaka uhuru wao. Walishindwa kabla jua halijawa juu, zaidi ya 70 wakauawa, na wengine baadaye wakachapwa au kufukuzwa nchini. Polisi walipowapekua waliwakuta na hirizi na karatasi zilizoandikwa kwa Kiarabu, ambazo baadhi yake zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za serikali ya Bahia. Kwa mtu aliyelelewa chuoni pwani ya kwetu, sijui habari gani nyingine ya Brazili iliyo karibu naye kuliko hiyo.

Atakayefika Rio de Janeiro naye asipite bila kusimama Valongo, gati la mawe lililojengwa 1811, likafukiwa, likafukuliwa 2011 mafundi walipokuwa wakichimba bandarini, na likatangazwa urithi wa dunia 2017. Wengi wa watumwa walioshushwa hapo walitoka Angola na Kongo, lakini walikuwamo pia watu wa Msumbiji, Wamakua na wengineo, waliozungushwa rasi ya kusini ya Afrika katika majahazi ya mateso. Hakuna kiingilio.

Pengo lililoachwa na zama hizo halijazibika, na mgeni mweusi ataliona mapema. Katika Salvador, wenyeji watamdhania mwenzao na kumwanzia Kireno, jambo linalofurahisha. Ila aingiapo katika jengo la maghorofa la wenye uwezo atakuta mara nyingi lifti mbili, moja ya wakaazi na wageni wao, nyingine ya watumishi na mizigo, na huenda bawabu akamwonyesha ile ya pili. Sheria za miji kadhaa zimekataza ubaguzi huo, na mwaka 2013 katiba ilirekebishwa ili watumishi wa nyumbani wapate haki walizokuwa nazo wafanyakazi wengine, lakini mazoea hayafi kwa kuandikiwa sheria. Mwambie bawabu kwa upole unamwendea nani, kisha panda lifti ya wageni. Na atakayekuambia kwamba nchini mwake hakuna ubaguzi wa rangi kwa sababu kila mtu ana damu iliyochanganyika, msikilize kwa adabu, kisha ukatazame ni nani anayepika na ni nani anayeandaliwa.

Tahadhari za njiani ni zile za kila mji mkubwa, nazo kule zina uzito zaidi: simu isikae mkononi barabarani, vito viachwe nyumbani, na usiku teksi ni bora kuliko miguu. Ama majira, Salvador iko karibu mstari mmoja wa latitudo na Pemba ya Msumbiji, na mvua zake kubwa ni za Aprili hadi Juni, kama masika yetu. Anayependa utulivu na aende Septemba au Oktoba. Anayetaka Kanivali na ajue kwamba huisha Jumatano ya Majivu, kwa hiyo tarehe zake huhama kila mwaka kati ya Februari na Machi, kwamba watu huifuata kwa miguu nyuma ya malori yenye vipaza sauti mpaka alfajiri, na kwamba vyumba vya siku hizo hushikwa miezi mingi kabla, kwa bei isiyofanana na ya siku nyingine yoyote.