Kijinyama Chekundu Mdomoni mwa Mama Mjamzito



Siku moja niliitwa kwenye nyumba moja hapa Bulla Pesa nikasuluhishe mume na mke. Mume alikuwa amehamisha godoro lake hadi chumba cha watoto. Nilipouliza sababu, mke, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alifunua mdomo akanionyesha. Kwenye ufizi, kati ya meno mawili ya juu, palikuwa na kijinyama chekundu, laini, ukubwa wa punje ya hindi. Kilikuwa kimeota kwa majuma matatu tu. Akipiga mswaki, damu. Akila, damu. Asubuhi mto una madoa.

Mume akaniambia, "Katekista, ugonjwa huu haukutoka kwangu." Jirani mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba ni ugonjwa wa zinaa, mwingine kwamba ni saratani, na shangazi alikuwa ameshaleta uzi wa kukifunga mpaka kikatike. Mimi mwenyewe sikujua ni nini. Nilichojua ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amempeleka mama huyo kwa daktari. Tukaenda sote watatu.

Kijinyama hicho madaktari hukiita granuloma piojeniki. Jina lenyewe lapotosha, maana ladokeza usaha, na usaha haumo. Ni fundo la mishipa midogo sana ya damu iliyoota kwa haraka, ndiyo sababu ukikigusa kidogo tu chavuja damu nyingi. Si saratani. Hakiambukizi kwa busu, kwa kikombe wala kwa tendo la ndoa. Msiwacheke majirani, kwani hata wataalamu walikosea: mwaka 1897 madaktari wawili Wafaransa, Poncet na Dor, walipokieleza mara ya kwanza, walidhani ni ugonjwa wa ukungu uliotoka kwa farasi.

Kwa nini kimpate mjamzito? Homoni za mimba hufanya mishipa ya damu ya ufizi iwe mepesi kuvimba, na penye ukoga kwenye meno ufizi huwashwa zaidi. Ndipo kijinyama kinapoota. Lakini si wajawazito tu. Mtoto aweza kukipata shavuni au mdomoni. Baba aweza kukipata kidoleni baada ya kuchomwa na mwiba, au kando ya kucha ya mguu iliyoingia nyamani. Huota pia kwenye ulimi, na ndani ya pua, na hapo mtu hudhani ni muhina tu. Dawa fulani, vikiwemo vidonge vya homoni, zaweza kukichochea. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana kabisa, kwa hiyo acheni kumtafuta mwenye kosa.

Kikivuja damu, chukua kitambaa safi, ukunje, ukandamize kwa nguvu dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Wengi wetu hukosea hapo: tunafunua kila dakika kutazama, na damu inaanza upya. Damu isipokoma, nendeni hospitali hata kama ni usiku. Msikikate kwa wembe, msikifunge uzi, msipake asidi ya betri.

Tiba ni nyingi. Daktari aweza kutia ganzi, akakikwangua na kuunguza shina lake, au akakikata chote na kushona. Wengine hukigandisha kwa baridi kali, au hupaka nitrati ya fedha. Kwa watoto wadogo wapo madaktari wanaotumia matone ya timololi, dawa ya macho, ili kuepuka kisu; lakini hiyo ni kwa maagizo ya daktari, si ya kujinunulia. Shina likibaki, kijinyama huweza kurudi. Kwa mjamzito, kama damu si nyingi na anaweza kula, mara nyingi daktari husafisha ukoga na kusubiri, maana kikitolewa wakati wa mimba hupenda kuota tena, na baada ya kujifungua hunywea chenyewe. Aendelee kupiga mswaki, wenye nywele laini.

Jambo moja msilipuuze. Kipande kilichotolewa kipelekwe maabara. Saratani ya Kaposi, inayowapata hasa wenye virusi vya ukimwi, na aina fulani za saratani ya ngozi, zaweza kufanana nacho kwa macho. Madoa yakiwa mengi, ya zambarau au meusi, kwenye kaakaa au miguuni, msingoje. Mimi sioni aibu kwa mume na mke kupimwa pamoja kliniki ya wajawazito.

Wewe mume, nenda naye. Si kwa ajili ya nauli tu. Yule niliyemtaja alisikia kwa masikio yake mwenyewe daktari akisema ni mimba iliyoleta jambo hilo, na njiani kurudi alikuwa kimya hadi karibu na mlango. Kisha akasema, "Mama watoto, nilikuonea." Mke hakumjibu siku hiyo. Godoro lilirudi baada ya juma moja. Kijinyama kilichelewa zaidi: kilinywea mtoto alipokuwa na miezi miwili.