SOMO: KWAYA YA WASIO NA NYUMBA

Kusoma: Kutoka 35:30-35, Mathayo 8:18-20



Mnamkumbuka yule ndugu aliyelala miezi kadhaa kwenye baraza ya kanisa baada ya turubai lake kuungua. Hakuwa na jamaa hapa. Aliomba kuimba besi katika kwaya, akaambiwa angoje mpaka apate sare. Aliyemwambia hivyo ni mimi, mchungaji wenu. Akangoja, kisha akaacha kuja. Somo hili nimeliandaa kwa sababu yake.

Huko Uingereza, mwaka 2002, Matt Peacock, aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha watu wasio na makao jijini London, alianzisha kikundi kiitwacho Streetwise Opera. (Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa.) Watu waliokosa nyumba hukutana wakajifunza kuimba na kuigiza, pamoja na walimu wanaoijua kazi hiyo.

Wengine watauliza: mtu analala barabarani, nanyi mnampa wimbo? Ni haki kuuliza. Wimbo hauzuii mvua. Lakini asiye na nyumba huzoezwa kupokea tu, leo supu, kesho blanketi, na foleni kila mahali. Sisi wenye kadi za posho hatuhitaji kuelezwa. Kwenye mazoezi ya kwaya mambo hugeuka: yeye ndiye anayengojewa. Asipofika, sauti moja imepungua, na wenzake wanauliza yuko wapi.

Machi 2016, siku za Pasaka, kikundi hicho kiliungana na kwaya ya waimbaji wa kazi, The Sixteen, katika jengo la soko la zamani jijini Manchester. Waliimba Mateso ya Kristo kadiri ya Mathayo, kazi ya Bach. Nafasi ya Yesu hakupewa mwimbaji mmoja mashuhuri. Ilipokezanwa kati ya watu kadhaa waliopitia maisha ya kukosa makao. Na ni Mathayo huyohuyo, katika sura ya 8, anayetuonyesha Yesu akikosa hata kile walicho nacho mbweha na ndege! Bach anamalizia kaburini. Wao waliongeza mwisho mpya, muziki wake ukitungwa na James MacMillan, na maneno yakitoka kwa waimbaji wenyewe.

Sasa fungua Kutoka 35. Bezaleli na Oholiabu wanaitwa kwa majina wakati Israeli wote wanalala hemani, jangwani. Mungu hakungoja wafike Kanaani ndipo awape ustadi wa kuchonga na kutarizi. Mstari wa 34 huwa tunauruka: walitiwa moyoni pia kufundisha wengine.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:

1. Katika kwaya zetu, ni masharti gani yasiyohusu kuimba yanayomzuia mtu?

2. Ni nani kijijini kwako anayejua kuchonga, kushona au kusuka mikeka, na hakuna aliyemwomba afundishe?

3. Ndugu yetu wa besi sasa anaishi upande wa pili wa mto. Jumamosi, baada ya mgao, nakwenda kumwomba radhi. Ni nani atakayefuatana nami?