Kodi ya Mashine na Kura: Somo Kutoka Leicester

Sisi wa Masomo ya Kiislamu tumezoea historia za miji. Al-Khatib aliiandikia Baghdad, Ibn Asakir akaiandikia Damascus, na kila mtu hutajwa pamoja na mji wake. Muhula huu njia hiyo imenisaidia kwenye historia ya Uingereza.

Vitabu vya jumla huwamaliza Wachartisti kwa mistari michache. Mwaka 1838 walitoa Hati ya Wananchi yenye madai sita, likiwemo la kila mwanamume mtu mzima kupiga kura, tena kwa siri. Bunge likakataa ombi lao mwaka 1839, likakataa tena 1842 ingawa sahihi zilizidi milioni 3. Baada ya 1848 wakafifia. Mimi nilibaki na swali: mwenye njaa anataka kura ya nini?

Jibu nililipata nilipowasoma mji kwa mji, kama walivyofanya watafiti wa Chartist Studies, kitabu alichokihariri Asa Briggs mwaka 1959. Newport, kule Wales, utawakuta wachimba makaa na wafua chuma, na zaidi ya 20 waliouawa kwa risasi za askari Novemba 1839. Leicester utawakuta wafumaji wa soksi, na hao ndio walionishika.

Thomas Cooper alifika Leicester mwaka 1840 kama mwandishi wa gazeti. Usiku, akitoka kwenye mkutano wa Wachartisti, akasikia mashine za kufuma bado zinalia. Akauliza mfumaji hupata kiasi gani. Shilingi 4 na peni 6, akajibiwa. Akazidisha kwa siku sita, akaona si haba. Kumbe ni ya wiki nzima! Tena mashine haikuwa ya mfumaji. Aliikodi, na kodi ilikatwa yote kwenye ujira hata wiki aliyopewa kazi nusu. (Wenzangu mnaosoma mlango wa ijara, hapa pana mjadala.) Cooper akajiunga nao, na baadaye akafungwa miaka 2.

Wa kuizuia kodi ile kwa sheria alikuwa Bunge, na wafumaji wengi hawakuwa na kura. Wafanyakazi wengi wa mijini waliipata mwaka 1867, kura ya siri ikaja 1872, na mwaka 1874 sheria ikapiga marufuku kukata kodi ya mashine kwenye ujira.