DAWA YA TUMBO INAYOKATA



Kila juma kwenye kiliniki tunasikia neno hili: "Mganga, tumbo inanikata, unipe ile dawa ya siku ile." Dawa wanayoomba ni butilskopolamini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Buscopan. Ni dawa nzuri. Lakini inaweza kukuficha hatari.

Matumbo yetu yana nyama inayojikaza na kujilegeza ili kusukuma chakula. Ikijikaza sana, kama mikono inayokamua nguo, ndipo unasikia kukatwa. Dawa hii inailegeza nyama ile. Basi, ndiyo kazi yake yote. Haiui minyoka, haiponyeshi tifoide. Maumivu yananyamaza, ugonjwa unabaki ndani.

Nakumbuka mama mmoja aliyeleta mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alilia tumbo, naye akampa nusu ya kidonge alichobakiza mwenyewe, asubuhi na jioni, siku mbili. Kila mara mtoto alinyamaza, mama akashukuru. Siku ya tatu tumbo lilivimba kama ngoma na mtoto akatapika maji ya majani. Minyoka ilikuwa imejifunga pamoja na kuziba utumbo. Daktari alimpasua usiku ule, akaokoka. Mama yule hakuwa mjinga, wala hakuwa na moyo mbaya. Alifuata kilio tu.

Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe vidonge hivi, hata ukikata nusu, hata robo. Kama anahara, usitafute dawa ya kufunga tumbo. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (SRO), na zinki kwa siku 10 mpaka 14 kama mganga alivyokuonyesha, na uendelee kumnyonyesha.

Mtu mzima, mganga humwandikia kidonge 1 ao 2 vya miligramu 10, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Usiongeze kwa sababu maumivu yanakawia kuisha, rudi kwetu. Mdomo unaweza kukauka na choo kufunga kidogo. Moyo ukipiga mbio, mkojo ukikataa kutoka, ao macho yakiuma na kuona giza, acha dawa na uje. Mbele ya kuandikiwa, useme kama uko na mimba, unanyonyesha, ao uko na ugonjwa wa moyo ao wa presha ya macho. Na baba mzee anayekojoa kwa shida, usimgawie dawa yako.

Kuna tumbo lisilongoja dawa yoyote: lililo gumu kama ubao, lililovimba bila choo wala upepo kutoka, choo chenye damu, homa kali, kutapika bila kukoma. Tena, mama ambaye hakuona mwezi wake, akaumwa upande mmoja chini na kusikia kizunguzungu, pengine mimba imekaa nje ya mahali pake. Usimeze kitu. Amsha watu, wakuchukue hospitali hata usiku.

Vidonge vya soko visivyo na jina wala tarehe, hapana kununua. Vilivyobaki nyumbani virudishe kwetu siku ya kupima watoto.

Ulizo la kuzungumza: Jirani anakuja usiku kuomba kidonge kwa mtoto wake anayelia tumbo. Utamwambia nini?